WordPress kwa biashara ya fundi bomba: inafaa, mradi uitunze

Anayemtafuta fundi bomba kwenye simu mara nyingi anamtafuta akiwa amesimama kwenye maji. Koki imekatika, au hita inavujia darini, mkono mmoja umeshika tambara na mwingine umeshika simu. Hana muda wa kusoma biashara ilianza lini, wala wa kusubiri picha zipishane juu ya ukurasa. Anataka kujua kama kazi hiyo tunaifanya, kama eneo lake tunafika, na namba ya kupiga. Tovuti ya biashara yangu nimeijenga na kuiendesha mwenyewe kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, nimeiona ikipitia matoleo kadhaa, na kila nitakachokisema hapa nimekipima kwa haja ya mtu huyo.

Kwa kipimo hicho WordPress imefaulu, na ningeichagua tena. Lakini imefaulu kwa sababu nilikataa sehemu kubwa ya vitu inavyonipa, na kwa sababu kwetu kazi ya kuitunza ina mwenyewe. Fundi ambaye hana mtu wa kumkabidhi kazi hiyo nitamshauri vingine huko mbele.

Kwanza tuelewane ni WordPress ipi. Ipo programu yenyewe, ya bure, ambayo unaipakua WordPress.org na kuiweka kwenye seva yoyote unayokodi, yaani kompyuta inayoiweka tovuti hewani. Ipo pia WordPress.com, huduma ya kampuni ya Automattic, ambako programu hiyohiyo unawekewa kwenye seva zao kwa mpango unaochagua. Ninayoitathmini ni ya kwanza. Ilitolewa Mei 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, wakiijenga juu ya programu ya blogu iliyoitwa b2, ambayo ilikuwa haiendelezwi tena. Leseni yake ni GPL: unaitumia, unaibadilisha, unaihamisha, na hakuna wa kukuuliza. Leo zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinaendeshwa nayo. Kwa fundi kama mimi faida ya wingi huo ni ya moja kwa moja. Nikikwama saa nne usiku, kuna mtu aliyekwama palepale kabla yangu na jibu alilopewa bado lipo. Na siku nikitaka kumlipa mtaalamu, karibu yeyote nitakayempata atakuwa anaijua.

Programu ni bure, ila tovuti si bure. Unalipia vitu viwili: jina la domeni (anwani ya tovuti yako), kila mwaka, na nafasi kwenye seva, kwa mwezi au kwa mwaka. Hapo kwenye domeni nawaomba mafundi wenzangu wasome polepole.

Fundi umeme mmoja tunayekutana sana kwenye saiti alitengenezewa tovuti nzuri na kijana wa mitaani kwake. Kijana alisajili domeni kwa jina lake mwenyewe na kwa barua pepe yake mwenyewe. Akabadilisha kazi, simu zikawa hazipokelewi, na jina likaisha muda. Jina hilo lilikuwa limeandikwa ubavuni mwa gari, kwenye kadi, kwenye risiti na mgongoni mwa fulana za wasaidizi. Yule fundi alikuwa amelipa kila alichoambiwa alipe, lakini mbele ya msajili, kampuni inayosajili domeni, hakuwa na lolote la kuonyesha kwamba jina ni lake. Ikabidi aanze na jina jingine, na kila kitu kikapakwa rangi upya.

Kwa hiyo domeni isajili wewe, kwa jina lako au la kampuni yako, kwa barua pepe unayoifungua kila siku, hata kama tovuti inatengenezwa na mtu mwingine. Washa malipo ya kujirudia. Kwa majina yanayoishia na .com, likishapitwa na muda na kufutwa linaingia kwenye siku 30 za kukombolewa, na kulikomboa ni ghali kuliko kulilipia mapema. Zikipita hizo, linaachiwa na yeyote anaweza kulichukua. Na ukitaka kulihamishia kwa msajili mwingine utahitaji msimbo wa uhamisho, na kwa kawaida hutaweza kufanya hivyo ndani ya siku 60 za kwanza tangu usajili. Mtu anayekutengenezea tovuti akisita kukuonyesha akaunti ya domeni, usimpe kazi.

Seva haina maneno mengi. Nilitaka kampuni inayotoa cheti cha usalama bure, inayochukua nakala ya akiba kila siku, na ambayo nikipiga simu anapokea mtu. Cheti cha bure kinatoka Let's Encrypt, ambao walifungua mlango kwa kila mtu mwishoni mwa 2015. Kila cheti kinaishi muda mfupi na seva inakihuisha yenyewe. Ukikuta kampuni inakuuzia cheti cha kawaida kwa bei ya kutisha, tafuta nyingine. Na usikiache, kwa maana tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome kinaandika kwamba ukurasa usio na cheti si salama, na maneno hayo yanakaa juu kabisa, jirani na jina la biashara yako. Mteja anayefikiria kumfungulia mgeni mlango wa nyumba yake hatayapuuza.

Kuiweka WordPress kwenyewe ni kubonyeza kitufe kwenye dashibodi (ukurasa wa usimamizi) ya seva na kusubiri dakika chache. Baada ya hapo nenda kwenye mipangilio ya usomaji uhakikishe kile kisanduku cha kuziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti hakina alama ya vema. Watengenezaji hukiwekea alama wakiwa kazini, kisha wakaondoka wakakisahau, na mwenye tovuti akabaki anajiuliza kwa nini haonekani popote.

Sasa sura ya tovuti. Natumia mandhari (muundo wa sura uliokwisha kutengenezwa) ya Twenty Twenty-Five, iliyokuja na toleo 6.7 mnamo Novemba 2024. Ni ya bure, inaundwa na watu walewale wa WordPress, na haina mbwembwe. Nilizitazama za kulipia zilizotangazwa kuwa ni za mafundi. Nyingi zilifunguka na picha kubwa ya mtu mwenye kofia ngumu anayetabasamu, picha hiyo ikateleza ikaja nyingine, halafu namba zikaanza kujihesabu zenyewe kuonyesha idadi ya wateja walioridhika. Kwenye kompyuta ya muuzaji zinapendeza. Kwenye simu ya kawaida yenye mtandao dhaifu, mteja anakodolea macho ukurasa mweupe. Google wanasema kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5, na wana kifaa cha bure kiitwacho PageSpeed Insights cha kukupimia. Mimi naiona hiyo kama geji ya presha: hutii maneno ya aliyekuuzia bomba, unapampu maji unatazama mshale. Pima mandhari kabla ya kuilipia, na pima upande wa simu, maana upande wa kompyuta karibu kila kitu kinafaulu.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote ni jinsi ilivyo rahisi kuweka kitufe cha simu ukishajua pa kugusa. Unaongeza bloku (kipande kimoja cha ukurasa) ya kitufe, unaandika juu yake "Piga simu sasa", na mahali pa kiungo unaandika tel: ikifuatwa na namba yako yenye alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi, bila nafasi katikati. Mteja akigusa, simu yake inafungua sehemu ya kupiga ikiwa namba imeshaandikwa. Nashangaa ni tovuti ngapi za mafundi zimeweka namba kama sehemu ya picha, hivyo mtu inabidi aikariri, atoke, aiandike upya kwa vidole vilivyolowa.

Kitufe hicho kikae juu na kisiondoke. WordPress inakuruhusu kulifanya kundi la bloku ling'ang'anie juu ya skrini mtu anaposhuka ukurasani. Uwezo huo uliingia na toleo 6.2 mwaka 2023. Sharti lake ni kwamba kundi hilo liwe la nje kabisa kwenye kiolezo (mpangilio ambao kurasa zinaufuata), si ndani ya kundi jingine, la sivyo linashuka na kupotea pamoja na mwenzake aliyelibeba. Kichwa chetu kina jina la biashara kushoto na kitufe cha simu kulia, basi. Menyu imejikunja.

Chini ya hapo kuna kitufe cha pili cha WhatsApp, kwa wale ambao wangependa kutuonyesha kuliko kutueleza. Kiungo chake ni wa.me, mkwaju (/), halafu namba kamili yenye msimbo wa nchi. Safari hii bila alama ya kujumlisha na bila sifuri za mbele. Unaweza kuongeza ujumbe ulioandikwa tayari, na wetu unasema: "Naomba fundi. Niko eneo la... Tatizo ni... Natuma picha." Sentensi hiyo fupi imetuokolea safari nyingi za bure. Mtu anapotuma picha ya kiungo kilichopasuka, msaidizi wetu anajua kabla hajapanda pikipiki kama abebe soketi au elbo, na ya kipenyo gani, na kama ni bomba la plastiki linalochomelewa au la chuma lenye uzi.

Picha ndizo zinazotuuza, na ndizo pia zinazoweza kuiangusha tovuti. Simu za siku hizi zinapiga picha yenye upana wa pikseli 4,000 na uzito wa megabaiti kadhaa. Pakia kumi kama hizo kwenye ukurasa mmoja na umemfukuza mteja. WordPress inasaidia zaidi ya nilivyotegemea: tangu toleo 5.3 la 2019, picha kubwa inapunguzwa yenyewe isizidi pikseli 2,560, na tangu 5.5 la 2020 picha za chini ya ukurasa hazipakuliwi mpaka mtu azikaribie. Tangu 5.8 inakubali picha za WebP, ambazo ni nyepesi kuliko JPEG kwa ubora uleule. Hata hivyo mimi hupunguza mwenyewe kabla ya kupakia, hadi upana wa pikseli 1,600, kwa kuwa kiungo cha bomba hakihitaji kuonekana kwa ukubwa wa bango la barabarani.

Kuna jambo ambalo sijaona likisemwa kwa mafundi, na kwangu ni zito. Picha ya simu hubeba ndani yake taarifa za mahali ilipopigwa, kama huduma ya kurekodi mahali imewashwa kwenye kamera. Ukiipakia jinsi ilivyo, umeweka hadharani nyumba ya mteja ilipo, pamoja na muonekano wa jiko lake au stoo yake. WordPress huihifadhi picha asili kwenye seva, hivyo kuipunguza kwa ajili ya kuonyeshwa hakuifuti. Sisi tumezima mahali kwenye kamera ya simu ya kazi moja kwa moja. Na picha haipandi bila mwenye nyumba kukubali, hata kama kinachoonekana ni bomba na ukuta tu. Mtu aliyekufungulia mlango amekuamini.

Kuhusu nini cha kupiga: usipige choo kipya kinachong'aa peke yake. Mtu yeyote anaweza kupiga choo kipya. Piga mabomba kabla hayajafukiwa ukutani, yakiwa yamefungwa vibano kwa mpangilio, na geji ikiwa imeshikilia presha. Piga kipande cha zamani kilicholiwa na kutu kando ya kipya. Andika chini ya kila picha sentensi moja ya kweli: tatizo lilikuwa nini, tumebadilisha nini. WordPress ina nafasi ya kuandika maelezo ya picha ambayo hayaonekani lakini husomwa kwa sauti na simu za wasioona, na husomwa na injini za utafutaji. Ijaze, ni kazi ya sekunde chache.

Maneno ya ukurasani tumeyachukua mdomoni mwa wateja. Hakuna anayetafuta "huduma jumuishi za mifumo ya maji". Wanaandika choo kimeziba, maji hayapandi kwenye tangi, hita inatoa maji ya kutu, pampu inawaka haizimi. Kila tatizo la namna hiyo lina ukurasa wake kwetu, wenye aya tatu au nne na kitufe cha simu, badala ya ukurasa mmoja wenye orodha ndefu ya kila kitu. WordPress inafanya hili kuwa jepesi: unatengeneza ukurasa mmoja uupendao, unaunakili, unabadilisha maneno.

Ukurasa unaotembelewa kuliko yote hatuuzi chochote humo. Unaeleza jinsi ya kufunga maji kabla fundi hajafika. Tafuta koki kuu, mara nyingi karibu na mita au pale bomba linapoingilia nyumbani. Kama ina mkono mrefu, mkono ukilala sambamba na bomba maji yamefunguka, ukikatiza bomba yamefungwa. Ni robo mzunguko tu. Kama ni ya mviringo, zungusha kulia mpaka isimame, na isipozunguka usiilazimishe kwa spana, kwani shina lake la zamani hukatika na hapo ndipo balaa linapokuwa kubwa. Hita ya umeme izime kwenye swichi yake kabla ya kumwaga maji, maana koili ikiwaka bila maji inaungua. Kisha fungua bomba la chini kabisa la nyumba ili maji yaliyobaki yatoke. Wengine wanafuata hayo na tatizo linasubiri hadi asubuhi, na asubuhi wanatupigia sisi.

Weka pia mambo ambayo mteja makini anayatafuta: namba ya leseni kama kazi yako inadai leseni, bima kama unayo, maeneo mnayofika yakitajwa moja moja kwa majina, na muda wa dharura kama kweli mnapokea simu usiku. Kama hampokei, msiandike saa 24. Shuhuda za wateja ziwe za watu waliokubali kwa hiari. Hizo za kubuni zinanuka kutoka mbali.

Sasa udhaifu. Wa kwanza ni fomu ya mawasiliano. WordPress, baada ya miaka yote hii, haiji na fomu. Unaongeza plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza, na inayojulikana sana ni Contact Form 7, ya bure. Inafanya kazi vizuri, ila yenyewe haihifadhi ujumbe: inautuma kwa barua pepe tu, na barua hiyo isipofika, ujumbe umepotea. Na kutofika ni rahisi sana. Seva ya tovuti ikituma barua kwa njia yake ya kawaida, wapokeaji wengi wanaitilia shaka na kuitupa kwenye taka. Dawa yake ni mbili kwa pamoja: plagini ya SMTP inayopitisha barua kwenye sanduku lako halisi la barua pepe, na rekodi za SPF na DKIM kwenye domeni zinazothibitisha kwamba barua ni yako. Kisha ongeza Flamingo, ya mtengenezaji yuleyule wa Contact Form 7, ambayo huweka kila ujumbe kwenye dashibodi hata barua ikipotea. Kila Jumatatu mdogo wangu hujaza fomu yetu kama mteja na kuangalia kama imefika. Fomu iliyokufa haipigi kelele. Wateja wanaona umewadharau na wanakwenda kwingine.

Fomu yetu inauliza jina, simu, eneo na tatizo. Barua pepe si lazima. Kila kisanduku unachoongeza kinapunguza watu watakaofika mwisho.

Udhaifu wa pili ni plagini zenyewe. Ghala rasmi lina zaidi ya 50,000 za bure, na kishawishi cha kuongeza moja kwa kila wazo ni kikubwa: ya theluji wakati wa sikukuu, ya dirisha linalochomoza, ya kuhesabu wageni. Kila moja ni mlango mpya kwenye nyumba yako, na wadukuzi wanaoingilia tovuti za WordPress hupitia zaidi kwenye plagini na mandhari zisizosasishwa kuliko kwenye programu yenyewe. Programu imekuwa ikijisasisha masahihisho madogo ya usalama yenyewe tangu toleo 3.7 la 2013, na tangu 5.5 unaweza kuziamuru plagini zijisasishe pia. Washa. Za kwetu ni chache, na kabla ya kuongeza yoyote naangalia ilisasishwa lini mara ya mwisho; ikiwa imelala zaidi ya mwaka, siigusi.

Sasisho nalo huweza kuvunja kitu. Ndiyo maana nakala ya akiba haitakiwi kukaa kwenye seva ileile tu. Natumia UpdraftPlus ya bure, ambayo inapeleka nakala kwenye hifadhi yangu ya mtandaoni kila wiki. Na nakala ambayo hujawahi kujaribu kuirejesha bado si nakala; ijaribu siku ambayo hakuna haraka. Ongeza nenosiri refu, jina la mtumiaji ambalo si "admin", na uthibitisho wa hatua mbili.

Wa tatu ni kuihariri kwa simu. Mhariri wa bloku alikuja na toleo 5.0 mwishoni mwa 2018, na kwenye kompyuta nimemzoea na kumpenda. Kwenye skrini ndogo ni msumbufu: unataka kuhamisha picha unajikuta umeifuta, unataka kuandika kinafunguka kidirisha. Kwa fundi ambaye ofisi yake ni mfuko wa suruali, hilo si dogo. Kwetu picha zinakusanywa kwenye simu wiki nzima na kupandishwa siku moja mbele ya kompyuta.

Niliilinganisha WordPress na huduma za kila kitu humohumo, hasa Wix na Squarespace. Nitazitendea haki: kujenga humo ni kwepesi zaidi, fomu ipo tangu mwanzo, cheti kipo, sasisho hazikuhusu, na mtu wa kumuuliza yupo. Fundi aliye peke yake, asiye na kijana anayependa kompyuta, aanzie huko bila aibu yoyote. Ila ajue anakodi. Tovuti ya Wix huwezi kuichukua nzima ukaiweka kwenye seva nyingine. Squarespace inakuruhusu kutoa sehemu tu ya maudhui. Ukiondoka unajenga upya. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba hata huko domeni ibaki yako, na maneno na picha zote uwe nazo nje.

Kukodi kunaweza kuisha bila kukuuliza. Google walikuwa wakitoa tovuti ndogo za bure kwa waliokuwa na wasifu wa biashara kwenye ramani yao, na mafundi wengi walitegemea hizo peke yake. Machi 2024 zilizimwa. Kwa muda mfupi anwani zile ziliwapeleka watu kwenye wasifu, halafu hata hilo likakoma. Aliyekuwa na domeni yake alibadilisha mwelekeo jioni hiyohiyo na kuendelea na kazi.

Wasifu wenyewe wa Google bado upo, ni bure, na hauna mbadala kwa fundi; ufungue hata kabla ya tovuti. Kama unakwenda kwa wateja badala ya wao kuja kwako, unaweza kuficha anwani na kutaja maeneo unayohudumia tu. Namba ya simu na jina viwe vilevile herufi kwa herufi kama kwenye tovuti. Kwa anayependa kwenda mbali kidogo, msamiati wa schema.org wa kuzieleza mashine ukurasa unahusu nini, ulioanzishwa 2011 na kampuni za injini za utafutaji, una aina maalumu ya fundi bomba, fundi umeme, fundi paa, mpaka rangi wa nyumba na fundi kufuli. Ukiandika kipande hicho kifupi kwenye bloku ya HTML (lugha ya kuandikia kurasa za tovuti), mashine zinaelewa wewe ni nani bila kubahatisha.

Ninachowaomba wanaoiendeleza WordPress ni kitu kimoja: fomu ya mawasiliano ndani ya programu yenyewe, yenye kuhifadhi ujumbe na yenye kupiga kelele barua isipotoka. Biashara ndogo hazihitaji bloku nyingine ya kupamba. Mpaka siku hiyo, mdogo wangu ataendelea kujaza ile fomu kila Jumatatu.